Darasa la Jioni Tabora: Lugha Isiwe ya Wenye Ada Peke Yao

(Mada niliyoitoa kwenye kikao cha vijana wa chama, Tabora Mjini. Nimeiweka hapa kama nilivyoisema, kwa sababu wengi waliokosa kikao wameiomba.)



Nimepewa dakika ishirini na tano na nitajitahidi nisizidishe, maana najua wengine mmeacha biashara wazi. Ninachozungumzia leo hakina kelele. Hakitatufanya tuonekane kwenye taarifa ya habari. Ni swali dogo tu: mtu mzima mwenye kazi, mwenye watoto, asiye na hela ya kutupa, atajifunza wapi lugha nyingine hapa Tabora? Nasema Kiingereza, Kifaransa, Kichina, Lugha ya Alama. Na mwisho nina ombi linalogusa ile laki tatu tuliyochanga kwa ajili ya fulana. Naona mmeshaanza kutazamana. Subirini kwanza.

Mimi mnanijua, ni wakala wa kutuma fedha kwa simu, banda langu lipo njia ya kwenda stesheni. Wateja wangu wengi ni watu wa safari. Wapo wanaotoka Kigoma, na kupitia Kigoma wapo wanaotoka Burundi na Kongo. Mfanyabiashara akija anahesabu fedha yake kwa Kifaransa, mimi nahesabu kwa Kiswahili, tunaoneshana vidole kama watoto. Kiswahili cha Kongo tunaelewana nusu, ile nusu nyingine ndiyo yenye hela. Ndipo nikaanza kuulizia darasa la Kifaransa.

Nilipiga simu kituo kimoja kwenye jiji kubwa, jina nalihifadhi. Dada aliyepokea alikuwa na adabu sana. Akaniambia muhula unalipwa wote kwa mkupuo, vipindi ni saa tatu asubuhi hadi saa tano, Jumatatu mpaka Alhamisi. Nikamuuliza, dada, huyo anayesoma saa tatu asubuhi siku nne kwa wiki anafanya kazi gani? Akacheka. Na mimi nikacheka. Lakini nilipokata simu nilikaa nikajiuliza: je, hii ratiba ilipangwa kwa ajili ya nani? Maana haikupangwa kwa ajili ya fundi, wala mama lishe, wala bodaboda, wala mwalimu wa sekondari ya kata. Hao ndio sisi tuliopo humu ndani.

Sasa angalieni ramani. Alliance Française ipo Dar es Salaam na Arusha. Goethe-Institut, Dar. British Council, Dar. Taasisi za Confucius zilizofunguliwa mwaka 2013 ziko Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu cha Dodoma. Siwalaumu, kila mtu anaweka duka penye wateja. Nataka tu muone kwamba mtu wa Tabora akitaka lugha anaambiwa kwanza apande basi.

Na hii ni ajabu, ndugu zangu, kwa sababu mji huu umejengwa na watu wa lugha nyingi. Miembe tunayopumzika chini yake ni alama ya njia ya misafara, Bagamoyo mpaka Ujiji, zaidi ya kilomita elfu moja kwa miguu. Babu zetu Wanyamwezi walibeba mizigo mpaka pwani na kurudi. Waliondoka na Kinyamwezi, wakarudi na Kiswahili. Waarabu wakaja na Kiarabu. Mwezi Novemba 1857 Burton na Speke wakaingia hapa, enzi hizo wageni wakipaita Kazeh. Burton akazungumza Kiarabu na mwenyeji wake, Snay bin Amir. Speke je? Speke hakujua Kiarabu, hakujua Kiswahili. Alikuwa afisa wa jeshi la India, alijua Kihindustani. Nani akawa ulimi wake? Sidi Mubarak Bombay.

Huyu Bombay ni mtu wa kwetu, Myao. Alikamatwa akiwa mdogo, akauzwa utumwani, akapelekwa India. Huko akajifunza Kihindustani. Bwana wake alipokufa akawa huru, akarudi Afrika. Lugha ile aliyoipata kwa mateso ndiyo iliyomtoa kwenye kundi la wabeba mizigo ikamfanya mkalimani na kiongozi wa misafara. Akaenda na Speke, akaenda na Stanley, akaenda na Cameron mpaka pwani ya Atlantiki. Mwaka 1876 Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia ya London ikampa nishani ya fedha na ikamwekea pensheni. Wapagazi waliobeba mizigo ileile kwenye njia ileile hatuyajui hata majina yao.

Sisemi hivi kuisifu njia ile. Njia ile ilipitisha pembe na ilipitisha watu wenye minyororo shingoni, tusisahau. Nasema tu kwamba tangu zamani, kwenye mji wa njiapanda kama huu, mwenye lugha mbili alipata ujira wa mtu wawili. Jambo hilo halijabadilika. Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Sasa inakuja ya kisasa. Kipande cha Makutupora hadi Tabora walipewa Waturuki, kile cha Tabora kwenda Kigoma wakapewa Wachina mwaka 2022. Bomba la mafuta kutoka Uganda linapita mkoa wetu, na kiwanda cha kuandaa mabomba yake kimejengwa Sojo, wilaya ya Nzega. Kongo imeingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, Burundi ipo tangu 2007. Yaani misafara imerudi, safari hii kwa chuma. Kijana wa Tabora atakuwa nani kwenye msafara huu? Mbeba mzigo, au mtu wa kusikilizana naye?

Najua kuna mtu hapa ana swali moyoni. Anasema, dada, sisi ni Watanzania, Kiswahili kinatosha, mbona unatusifia lugha za watu? Swali zuri. Mimi Kiswahili sikiachi. Mwaka 2021 Bunge lilirekebisha sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama, na hilo ni jambo la kupongezwa hata kama hatuwapongezi mara nyingi. Katiba yetu, ibara ya 67, inasema anayetaka kugombea ubunge ajue kusoma na kuandika kwa Kiswahili au kwa Kiingereza. Kwa Kiswahili au Kiingereza. Kwa hiyo Kiswahili peke yake kinakupeleka bungeni. Sawa. Lakini ukishafika unawekewa mezani mkataba wa kurasa mia nne kwa Kiingereza. Ukiwa diwani unaletewa taarifa ya mshauri mwelekezi kwa Kiingereza. Ukiwa mwananchi tu, mradi umepita shambani kwako, unaweza kuletewa waraka ambao nusu yake huielewi, na kalamu juu yake. Asiyeweza kusoma hukaa kimya, na ukimya wake unaandikwa kwenye muhtasari kwamba amekubali. Hapo ndipo lugha inapokuwa siasa, ndugu zangu.

Mwingine atasema, hayo ni mambo ya tuisheni, chama kinahusikaje? Huyo namjibu kwa historia ya mji huu huu. Mwalimu Nyerere alisoma Tabora School kuanzia mwaka 1937. Akaenda Makerere, akarudi hapa hapa, akafundisha St. Mary's, shule ya Wakatoliki, mpaka alipoondoka kwenda Edinburgh mwaka 1949. Shule ya serikali ilimtaka na ingemlipa zaidi, akakataa. Na nje ya saa za kazi alikuwa anafanya nini? Alikuwa anawafundisha Kiingereza watu wazima wa mji huu, bure. Kijana wa miaka ishirini na kitu, ameshika chaki, mbele yake wamekaa watu waliomzidi umri. Wakati huohuo alikuwa kwenye siasa za African Association. Hakuona kwamba darasa ni kitu kimoja na siasa ni kitu kingine. Wale wanaomtaja kila siku kwenye majukwaa wangetusaidia sana kama wangetuambia habari hii pia. Na sisi tulio upinzani tusiwaachie yeye peke yao. Alikuwa mwalimu wa jioni wa Tabora kabla hajawa wa chama chochote kinachomtumia leo.

Tena kuna jambo lingine la hapa hapa. Kipalapala, pale nje kidogo ya mji, kwa miaka mingi kulikuwa na shule ya lugha. Wamisionari kutoka Ulaya na Marekani walipelekwa pale wajifunze Kiswahili kabla hawajapangiwa parokia. Watu wazima, wengine wameshapita miaka arobaini, wanaanza na "hujambo, sijambo". Wakaweza! Wakatoka pale wakahubiri. Kwa hiyo mtu akikuambia mtu mzima kichwa kimekauka, lugha haiingii, mwambie Tabora tumeshaona kwa macho kwamba inaingia. Waliokuja kwetu walipangiwa muda, walimu, na chumba. Sisi kinachotukosesha ni hivyo vitatu.

Haya, tuingie kwenye kazi yenyewe. Nimefuatilia kwa miezi kadhaa, nawaeleza nilichokipata.

Kwanza, walimu wapo. Kwa Kiingereza, kila mtaa mkubwa una kituo cha masomo ya jioni kwa wanaorudia mtihani wa kidato cha nne na wale wa Mtihani wa Maarifa, mnaouita QT. Mwalimu wa Kiingereza yupo pale tayari, saa za jioni, kwa bei ya mtaani. Wewe huhitaji masomo saba. Nenda kaongee na mwenye kituo, mwambie nataka Kiingereza peke yake, tena cha kuongea. Mkienda mtu mmoja mmoja atawaona wasumbufu, mkienda kumi atawafungulia mkondo. AMUCTA hapa mjini inasomesha walimu, na Chuo cha Ualimu Tabora kipo. Wahitimu wa lugha wasio na ajira tunao mitaani, wengine wanaendesha bodaboda. Kuna mmoja kikaoni humu, simtaji, lakini amesoma isimu miaka mitatu na leo kanileta hapa kwa buku.

Kwa Kifaransa, wengi wanadhani mpaka Dar. Nendeni Ulyankulu. Ndugu zetu waliokimbia Burundi mwaka 1972 wamekuwa raia wenzetu. Walioko Ulyankulu, Katumba na Mishamo, zaidi ya watu 160,000 walipewa uraia, na vyeti vikatolewa kuanzia mwaka 2014. Burundi sekondari ilisomwa kwa Kifaransa. Mzee aliyefika madarasa ya juu kule kabla ya 1972 ana lugha kichwani ambayo sisi tunaitafuta Dar kwa laki kadhaa. Wazee hao wanapungua kila mwaka. Tumezoea kuwaendea wakati wa kura tu. Safari hii tuwaendee tukiwa wanafunzi, na tuwalipe.

Pili, taasisi za umma. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima iliundwa kwa sheria ya mwaka 1975, na kazi yake ni watu kama sisi. Ina ofisi mkoani. Chuo Kikuu Huria kina kituo cha mkoa hapa Tabora. Vipo Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, kama Urambo na Mwanhala, vyenye madarasa na mabweni. Maktaba ya Mkoa ipo, ina meza, ina taa, ina kamusi. Na kila halmashauri ina Afisa Elimu ya Watu Wazima, ni mtu kabisa, ana ofisi na ana kiti. Ni wangapi humu mmewahi kumwona? Nyoosheni mikono. Mmoja. Naye ni shangazi yake. (Kicheko.)

Jamani, mwaka 1970 nchi hii ilitangaza kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Wazazi wetu walisoma chini ya miti, kwa taa za kandili, baada ya kulima. Leo tuna umeme na madarasa ya tofali, na saa kumi jioni yote yanafungwa kufuli. Hilo ni swali la diwani wako, na si la chama chetu peke yetu. Muulize: katika kata hii kuna vituo vingapi vya elimu ya watu wazima vinavyofanya kazi? Fungu lake ni kiasi gani mwaka huu? Darasa la umma linafunguliwa kwa utaratibu gani jioni? Uliza kwa maandishi, upate jibu kwa maandishi.

Tatu, hela. Hapa nataka mtoe simu muhesabu na mimi. Kumaliza hatua ya kwanza kabisa ya Kifaransa, ile wanayoiita A1, inachukua takriban saa 60 hadi 100 za darasa. Tukisoma jioni tatu kwa wiki, saa moja na nusu kila jioni, ni saa nne na nusu kwa wiki. Wiki ishirini, saa tisini. Miezi mitano. Wanafunzi ishirini, kila mmoja shilingi 1,500 kwa wiki, ni 30,000 kwa wiki. Mwalimu tumlipe 8,000 kwa kipindi, vipindi vitatu 24,000. Inabaki 6,000 ya chaki, fotokopi na umeme. Mtu mmoja, mwanzo mpaka mwisho, ametumia elfu thelathini. Elfu thelathini! Haitoshi hata nauli ya kwenda Dar na kurudi. Tena unalipa kila wiki, hulipi kwa mkupuo, kwa sababu hata kipato chetu hakiji kwa mkupuo.

Anayetaka cheti naye asikate tamaa. Mtihani wa Kifaransa unaoitwa DELF hauulizi ulisoma darasa gani. Unaweza kusoma Tabora, ukajiandikisha kama mtahiniwa wa nje, ukasafiri mara moja tu kwenda kufanya mtihani. Cheti chake hakiishi muda. Ule wa Kiingereza wa IELTS matokeo yake kwa kawaida yanatambuliwa kwa miaka miwili, kwa hiyo usikimbilie kuufanya kabla hujajua unaupeleka wapi. Jueni hayo mapema msije mkauziwa vyeti vya mtaani visivyotambulika popote.

Nne, muda. Madarasa ya watu wazima hayafi kwa sababu watu ni wavivu. Yanakufa kwa sababu ratiba haikumwangalia mtu. Sisi watu wa Tabora mvua ikianza Novemba tuko shambani, hata tunaokaa mjini. Tumbaku ikiuzwa, hela ndogo inaonekana. Basi darasa lianze Juni liishe Oktoba. Saa zake ziwe kumi na moja na nusu mpaka saa moja, ili dada zetu warudi nyumbani kabla giza halijakolea. Mwenye mtoto mchanga aje naye, mtoto hali kamusi. Bodaboda jioni ndiyo saa yao ya kupata, hao wawekewe mkondo wa saa tano asubuhi, wakati abiria hawapo. Na asiyefika wiki mbili apigiwe simu, aulizwe kwa upole. Mara nyingi utakuta alikosa buku jero akaona aibu. Tuwe na mfuko mdogo wa kumfichia aibu hiyo.

Kuhusu simu: programu za kujifunzia zipo, zitumieni, lakini nyingi zinakufundisha Kifaransa kupitia Kiingereza. Kwa hiyo asiye na Kiingereza anafungiwa mlango mara mbili. Simu iwe msaidizi wa darasa. Mtu mmoja akipakua somo, wote wasikilize kwenye spika moja, bando limeokolewa.

Tano, na hili naliomba kwa uzito wake. Tuongeze Lugha ya Alama. Shule ya kwanza ya viziwi nchini ilianzishwa hapa Tabora mwaka 1963, na Kanisa Katoliki. Zaidi ya miaka sitini, watoto viziwi wamesoma katika mji huu, wamekuwa watu wazima, ni mafundi, ni wapiga kura. Wanakuja kwenye mikutano yetu ya hadhara, wanasimama pembeni, wanatuangalia tunavyorusha mikono jukwaani bila kuwaambia lolote. Chama kinachosema kinataka kusikiliza wananchi kinaanzaje kuchagua wananchi wa kuwasikiliza? Mwalimu awe kiziwi mwenyewe, alipwe kama mwalimu mwingine yeyote. Watu wanne tu wakijifunza vizuri, mkutano wetu ujao utakuwa tofauti.

Sasa nafika kwenye jambo ambalo huenda wengine hamtalipenda. Darasa hili lisiwe la chama. Nasema tena, lisiwe la chama. Tukiomba chumba cha umma kwa jina la chama tutanyimwa, na kusema ukweli ni haki tunyimwe, maana shule ni ya watoto wa wote. Kiwe kikundi cha wananchi, chenye katiba yake, mwenyekiti wake na daftari lake la mapato. Hakuna bendera, hakuna fulana, hakuna salamu za chama mlangoni. Kijana wa CCM akija na 1,500 yake akae kiti cha mbele. Lugha haina kadi. Kikundi kikisimama vizuri, wale wahitimu wasio na ajira wanaweza hata kuomba ile mikopo ya halmashauri isiyo na riba, asilimia kumi ya mapato ya ndani, ambayo asilimia nne yake ni ya vijana. Kufundisha lugha ni biashara halali kama kufuga kuku. Wasikubali mtu awaambie mkopo ni wa bodaboda tu.

Mtauliza, sasa sisi kama chama tunapata nini? Nawajibu waziwazi. Kura inawezekana tusiipate hata moja. Tutapata vijana wanaoweza kusoma waraka kabla ya kuupinga. Tutapata mtu wa kuinuka kwenye kikao cha kijiji akasema, kifungu cha tisa hakisemi hivyo ulivyotusomea. Tutapata dada anayemhudumia mteja wa Bujumbura bila kuoneshana vidole. Na kama watapigia kura chama kingine, wataipiga wakiwa wanaelewa zaidi. Kama hilo linatutisha, basi tujiulize upya tulianzisha mageuzi kwa ajili gani.

Kwa hiyo, Ndugu Mwenyekiti, nahitimisha kwa mambo matatu ya kuamuliwa leo.

Moja, ile laki tatu igawanywe. Nusu inunue fulana, kwa sababu najua mmezisubiri na wengine mmeshapimana saizi. Nusu nyingine, laki moja na nusu, iwe mchango wetu wa kuanzisha darasa: 120,000 ni malipo ya mwalimu kwa wiki tano za mwanzo, ili aanze kazi akiwa na uhakika hata kama wanafunzi hawajatimia, na 30,000 ni ya ubao, chaki na fotokopi.

Mbili, wateuliwe watu watatu, angalau mmoja awe mwanamke na mmoja awe si mwanachama wetu, waende kwa Afisa Elimu ya Watu Wazima na Maktaba ya Mkoa na barua ya kuomba chumba. Wakinyimwa, watuletee jibu la maandishi.

Tatu, kila tawi liandike majina ya watu katika eneo lake wanaoijua lugha yoyote vya kutosha kuifundisha: wazee wa Ulyankulu, walimu wastaafu, wahitimu wasio na kazi, viziwi waliosoma. Orodha hiyo, kabla hata darasa halijaanza, ni mali.

Aliyefundisha watu wazima hapa miaka ya 1940 hakuwa na ruzuku wala mfadhili. Alikuwa na mshahara mdogo wa mwalimu na jioni zake. Sisi tupo wengi kuliko yeye, na jioni tunazo.

Ndugu Mwenyekiti, naomba kutoa hoja.